Kustaafu kabla ya miaka 60: namna ya kutafuta kazi isiyovunja mwili

Katika makanisa yetu ya mashariki, kustaafu mapema ni jina la mambo matatu tofauti. Kuna anayeomba mwenyewe kutoka kazini kwa sababu mwili umechoka: mwalimu mwenye miaka 30 ya chaki, muuguzi ambaye magoti yake hayakubali tena zamu za usiku. Kuna anayetolewa na daktari, kwa sababu ya tansio au kisukari. Na kuna wale ambao hawakuomba wala hawakuugua. Mradi ulifungwa tu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwezi huohuo vita vikaingia Goma, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Watu wengi wenye miaka 48, 50, 55 walijikuta nyumbani katikati ya wiki, wamevaa vizuri, hawana pa kwenda.

Wote hawa wanawafikia wachungaji na wazee wa kanisa na ombi linalofanana: "Nipatieni kakazi kadogo, kasikokuwa na masumbuko." Hawaombi utajiri. Wanataka kitu cha kuwalipia unga na makala, kitakachowaacha walale usiku. Ni ombi la haki. Lakini tumeona mara nyingi mtu anayetafuta kazi nyepesi akiangukia kazi nzito kuliko ile aliyoiacha, na mara nyingine akipoteza pamoja nayo fedha zote alizopewa siku ya kutoka. Kwa hiyo tunataka kueleza hapa kitu gani hasa kinaifanya kazi iwe nyepesi, kwa maana jina lake au ukubwa wake hausemi kitu.

Kitabu cha Hesabu kina sheria juu ya jambo hili, katika sura ya 8, na tunashangaa inavyohubiriwa mara chache. Mlawi aliingia utumishi akiwa na miaka 25. Alipofika 50 alitolewa katika kazi nzito. Hakufukuzwa kwenye hema. Aliendelea kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi, ila utumishi wenyewe hakuufanya tena. Ukisoma sura ya 7 unaelewa uzito ulikuwa nini: wana wa Kohathi hawakupewa magari ya ng'ombe kama wengine, wao walibeba vyombo vitakatifu mabegani. Basi mtu wa miaka 51 alikuwepo bado mahali pa kazi, anaona, anakumbuka mambo yalivyopangwa, anasaidia. Mti wa kubebea ulikuwa kwenye bega la kijana.

Tunaichukua hiyo kama kipimo. Kila mnapoelezwa kazi, msiulize kwanza ni saa ngapi au ni kiasi gani. Ulizeni: mambo yakiharibika, ni bega la nani litaumia?

Vitu vinne vinavyochosha

Tukiwasikiliza waliorudia kazi baada ya kustaafu, malalamiko yao yanarudi kwenye vitu vinne. Cha kwanza ni kushika fedha za wengine. Mtu anaweza kukaa kwenye kiti siku nzima, kivulini, na bado akarudi nyumbani amevunjika, kwa sababu jioni hesabu ilikosa dola 10. Cha pili ni kuitwa saa yoyote. Simu inayoweza kulia saa nane ya usiku inachosha hata usiku ambao haikulia. Cha tatu ni kusimamia watu bila kuwa na uwezo wa kuwaamuru: unawajibika kwa ajili yao, lakini huwezi kuwalipa wala kuwaondoa. Cha nne ni kazi isiyokubali kuachwa. Ukiugua siku tatu, kila kitu kinakufa.

Kazi yenye moja kati ya hivyo inaweza kuvumiliwa. Yenye viwili ni kazi ya kawaida, kama ile mliyoiacha. Yenye vitatu au vinne tunawaomba muikimbie, hata kama inaitwa ya heshima.

Tuongeze neno moja ili tusieleweke vibaya. Kazi isiyolipa kitu chochote si nyepesi. Kutojua watoto watakula nini kesho ni mzigo unaopandisha tansio kuliko bosi mkali. Na juu ya tansio: nendeni mpimwe kabla ya kuanza kazi mpya, muandike namba, kisha mpimwe tena baada ya miezi mitatu. Muuguzi akiona 14 kwa 9 au zaidi, mara kwa mara, atawaambia la kufanya. Kipimo hicho kinasema ukweli kuhusu kazi yenu mapema kuliko ninyi wenyewe.

Fedha ya kutoka kazini

Hatari kubwa haianzi kwenye kazi mpya. Inaanza siku ya malipo ya mwisho, yale tunayoyaita dekonti. Ndugu zetu wa Katanga wanalijua hili vizuri. Kati ya mwaka 2003 na 2004, Gécamines, kampuni ya Serikali iliyochimba shaba ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Fedha zilitoka Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara, kwa hiyo hiari yenyewe ilikuwa ndogo. Walipewa kiasi kimoja kwa mara moja, na pamoja na kazi wakapoteza yale ambayo kampuni iliwapa tangu ujana wao: unga wa kila mwezi, hospitali, shule ya watoto.

Tujiweke mahali pao. Mtu ametumika miaka 25 au 30. Kila kitu kilikuwa kinapangwa na kampuni, hata chakula. Sasa ana dola elfu chache mkononi, deni la duka, watoto watatu shuleni, na jamaa waliosikia habari kabla yake. Wengine walinunua basi ndogo, wengine walifungua duka, wengine walikodi shamba au kununua mashini ya kusaga. Hatuwalaumu. Lakini angalieni aina ya kazi hizo: basi, duka, mashini. Kila moja ina vitu vinne vyote tulivyotaja. Mtu aliyezoea kubeba sehemu moja ya mzigo wa kampuni alijichukulia kampuni nzima, ndogo, ya peke yake, akiwa na miaka 50 na zaidi. Kwa wengi fedha ziliisha upesi, na wako ambao hadi miaka mingi baadaye waliendelea kuzunguka kwenye ofisi wakidai walichoamini kuwa kilibaki.

Kwa hiyo hesabu inayotakiwa kufanywa kwanza si ya biashara. Ni hesabu ya kuvuka. Tangu sheria ya usalama wa jamii ya Julai 2016, anayelipiwa CNSS, ile iliyoitwa zamani INSS, anahesabiwa kufika umri wa pensheni akiwa na miaka 60, mwanaume na mwanamke sawasawa. Watumishi wa Serikali wana mfuko wao, CNSSAP, wenye kanuni zake. Tuchukue mama wa miaka 52 anayetoka kwenye shirika na dekonti ya dola 4,800. Mbele yake kuna miaka 8, maana yake miezi 96. Akizigawa, ni dola 50 kwa mwezi. Dola 50 hazitoshi nyumba ya watu sita Bukavu au Butembo, lakini si sifuri. Sasa swali lake limebadilika. Hahitaji tena kazi ya kulisha nyumba yote. Anahitaji kazi ya kujaza pengo. Ikiwa nyumba inakula dola 130, kazi ya dola 80 inatosha, na kazi ya dola 80 ndiyo inayoweza kuwa nyepesi. Anayeweka dola zote 4,800 kwenye biashara, huyo anahitaji biashara ilishe nyumba tangu mwezi wa kwanza. Huko hakuna upole.

Tunajua kwamba mtaani kwetu haiwezekani kukaa na dola 4,800 kimya kwa miaka 8. Kutakuwa na mazishi, mahari, mtoto wa ndugu wa chuo kikuu. Wengine wanatenga mwanzoni kabisa sehemu ya ukoo, wanaitangaza mbele ya wote, wanaimaliza, na baada ya hapo wanasema imekwisha. Tunaona njia hii inafanya kazi kuliko kuficha, kwa maana mtu aliyetoka kazini hana siri.

Pamoja na hayo, kabla ya kuhama mji au kuchoma makaratasi ya zamani, nendeni kwenye ofisi ya CNSS na namba yenu ya uandikishaji, muulize ni miezi mingapi imeandikwa kwa jina lenu. Kila mwezi sehemu ya mshahara ilipaswa kukatwa kwenu na mwajiri kuongeza sehemu yake. Kukatwa na kupelekwa ni vitu viwili. Ikiwa kuna miezi inayokosekana, ni rahisi kuidai wakati mhasibu wa zamani bado anafanya kazi mahali pale. Ulizeni pia kama mnaweza kuendelea kujilipia wenyewe kwa hiari. Na mwajiri wa mwisho awape cheti cha utumishi chenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Karatasi hiyo ndiyo itakayofungua mlango wa kazi ndogo inayofuata.

Kazi zinazosifiwa kuwa nyepesi

Jirani akisikia umestaafu, atakushauri pikipiki. Unainunua, unampa motari, yeye anakuletea fedha kila jioni, wewe umekaa. Kwa maneno ni kazi nyepesi kupita zote. Kwa kweli umejifunga kwa kijana usiyemsimamia, kwenye barabara usiyoiona, na mashini inayochakaa kila siku. Siku ya ajali simu ni kwako: hospitali, polisi, jamaa ya aliyegongwa. Pikipiki ni biashara nzuri kwa mwenye pikipiki anayeiendesha mwenyewe, au mwenye nazo tano na fundi wake. Kwa mstaafu mwenye moja, tunaona ni bahati nasibu.

Kibanda cha kutuma fedha kwa simu nacho kinapendwa, na mwaka 2025, benki zilipofunga milango, kilisaidia watu kweli. Lakini ni kazi ya vitu viwili kati ya vinne, na vyote viwili vikiwa vizito. Mwenye kibanda ana fedha za namna mbili, za karatasi na za kwenye simu, na daima moja inapungua wakati wateja wanataka hiyo. Anapokea dola zilizopasuka kidogo ambazo hakuna atakayezikubali kesho. Watu wabaya wanajua jioni anaelekea wapi. Kijana anaweza. Mama mwenye tansio, hapana.

Kuhusu kuku wa kisasa tutasema zaidi kidogo, maana wachungaji wengi wanawashauri watu kuku. Kuku wa nyama wanakuwa tayari kwa muda wa wiki sita hivi, na ndiyo inayovutia. Wiki hizo sita zina chakula kisichokosa hata siku moja, joto la usiku kwa vifaranga, na chanjo ya kideri inayopaswa kurudiwa kwa wakati wake. Barabara ikifungwa, chakula kinapanda bei, na kuku hawawezi kusubiri barabara ifunguke. Mayai yanayotoka Uganda yanashusha bei ya mayai yako. Kuku 10 wa kienyeji nyuma ya nyumba ni furaha. Kuku 300 ni kazi ya kuamka saa tisa ya usiku kusikiliza kama wanakohoa.

Zinazofaa

Kwa walimu, kazi iliyo karibu zaidi na ile ya Mlawi ni kurudilia masomo na watoto wachache. Elimu ya msingi ilifanywa ya bure kuanzia mwaka wa shule wa 2019, na madarasa yakajaa sana. Wazazi wa mtoto wa darasa la sita anayejiandaa kwa mtihani wa mwisho wa msingi, au wa kijana anayengoja mtihani wa Serikali, wanatafuta mtu wa kumkalisha chini saa mbili. Watoto watano, siku nne kwa wiki, kwenye meza ya nyumbani au darasa la shule ya Jumapili lililokaa bure. Hakuna inspekta, hakuna barua za mkurugenzi, hakuna kelele ya watoto 80. Ukiugua siku mbili, mnasogeza. Uzito wake ni mmoja tu, wazazi wasiolipa, na dawa yake ni kupokea mwanzoni mwa mwezi. Tunawasihi wasizidishe watoto. Aliyeanza na watano na sasa ana 30 amefungua shule, na shule ni kazi nzito.

Wahasibu na makatibu wa ofisi wanaombwa sana na vikundi vya kuweka na kukopa, AVEC. Hapa tuangalie namna kikundi kilivyojengwa, maana ni mfano mzuri wa kugawa mzigo. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mwenye kutunza sanduku si mmoja wao. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote na kila mmoja ana kitabu chake. Mstaafu asikubali ufunguo, asikubali sanduku. Akubali kuandika, kufundisha vikundi vipya hesabu ya hisa, na kuja mwisho wa mzunguko kusaidia mgawanyo. Vikundi vitano au sita vikimpa kila kimoja kitu kidogo kwa mwezi, anapata kile kinachojaza pengo, bila usiku mmoja wa hofu.

Wenye mikono inayopenda udongo watazame kitalu cha miti. Grevilea, parachichi la kubandikwa, mibuni, hata matunda-damu. Kitalu kinahitaji mtu mtulivu kuliko mtu mwenye nguvu: kujaza viroba, kupandikiza, kivuli cha majani, maji asubuhi na jioni. Kazi inapanda kuelekea mwezi wa tisa, mvua zinapoanza na watu wananunua miche, kisha inashuka. Mche usiouzwa mwaka huu mara nyingi unaweza kuuzwa msimu unaofuata ukihamishwa kwenye kiroba kikubwa. Kuku haukupi nafasi hiyo. Sharti ni moja: maji yawe karibu. Kitalu ambacho mwezi wa saba unakibebea maji kutoka mtoni, kilima juu, ni adhabu. Na katika sehemu ambako watu wanalazimika kukimbia mara kwa mara, msiweke fedha nyingi kwenye kitu kisichobebeka. Kwa sehemu hizo cherehani ni bora, maana inapanda juu ya gari pamoja na familia. Anayeshona apende matengenezo ya mwaka mzima, zipu, mikunjo, mashati ya kugeuza kola, kuliko kuahidi sare 60 kabla ya shule kufunguliwa.

Wauguzi waliostaafu wanashawishiwa kufungua famasi. Tunashauri wasifanye hivyo, kwa sababu ya ruhusa zake, dawa zinazoharibika, na wagonjwa watakaogonga mlango usiku wakijua humo ndani kuna muuguzi. Afadhali kuongea na kituo cha afya juu ya siku maalum: siku ya kupima watoto uzito, siku ya chanjo, siku ya mama wajawazito. Siku tatu kwa wiki, mchana, na zamu kwa vijana.

Jina linalobaki

Kuna kizuizi kimoja ambacho watu hawakisemi wazi. Kwetu cheo hakistaafu. Aliyekuwa prefe wa shule ataitwa Prefe hadi kaburini, na ni heshima tunayoipenda. Lakini jina hilo linamfunga. Prefe hawezi kuonekana na ndoo ya kumwagilia miche. Prefe akiomba kazi ya kuandika daftari kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, meneja mwenye miaka 32, aliyekuwa mwanafunzi wake, hajui amwambie nini akichelewa.

Tumeona mambo mawili yanayosaidia. La kwanza, kutafuta kazi mahali ambako hukuwahi kuwa mkubwa, hata kama ni mwendo wa nusu saa zaidi. La pili ni la mke au mume na watoto wakubwa. Ikiwa nyumbani wanaona aibu, mtu atachukua kazi nzito yenye cheo ili wao wasione aibu. Ikiwa mtoto mkubwa anapita kwenye kitalu jioni na kusema mbele ya rafiki zake, "Huyu ndiye baba, hii ndiyo miche yake," jambo limekwisha.

Na sisi makanisa tuna sehemu yetu. Mara tu mtu anapotoka kazini, kamati zinamkimbilia. Ana muda, ana elimu, ni mwaminifu: awe mtunza hazina wa parokia, aongoze ujenzi wa hekalu, asuluhishe ule mgogoro wa lupango. Tuzipime kazi hizo kwa kipimo kilekile. Mtunza hazina anashika fedha za wengine. Mwenyekiti wa ujenzi anasimamia watu wasio wake, anaitwa kila saa, na akiacha wiki mbili saruji inaganda. Ni kazi nzito zaidi tulizo nazo, na tunazitoa bila malipo kwa mtu aliyetoka kazini kwa sababu alichoka. Kuna waliokufa na tansio juu ya hekalu lisilokwisha. Mabaraza ya wazee yampe mstaafu mwaka mmoja bila kamati yoyote. Baadaye aombwe ushauri, akae pembeni ya kijana mwenye ufunguo, amwonyeshe namna hesabu inavyoandikwa. Kule ni kusaidia katika ulinzi.

Kupatana na anayekuajiri

Kazi ikipatikana, hata kwa ndugu wa kanisa, hata kwa neno la upendo, iandikwe. Nusu karatasi inatosha: siku gani, saa gani, kiasi gani, analipa nani na tarehe gani. Muandike pia yasiyokuwemo, na hilo ndilo watu wanalisahau: sishiki funguo za stoo, sipokei fedha, sipigiwi simu baada ya saa kumi na mbili ya jioni. Ni vigumu kuyasema hayo baada ya mwezi. Siku ya kwanza yanapokelewa vizuri. Muwe na mkubwa mmoja tu wa kumjibu. Kazi ndogo yenye wakubwa watatu, mchungaji, shemasi na mke wa mchungaji, inachosha kuliko kazi ya wizara.

Jaribuni kwa miezi mitatu, na pande zote mbili zijue ni jaribio. Katika miezi hiyo mwajiri ataanza kuona mnachoweza, na atataka kuwaongezea: "Baba, kwa kuwa una uzoefu, tusaidie pia na hili." Mara nyingi atakuwa na nia njema, na nyongeza kidogo ya fedha. Kabla ya kujibu, ombeni siku mbili, rudini nyumbani, mhesabu tena pengo ni dola ngapi. Ikiwa pengo limejaa, hamhitaji nyongeza hiyo. Mpendekezeeni kijana fulani kutoka kwa vijana wa parokia, na mjitolee kumfundisha kwa mwezi mmoja.

Anayefika miezi mitatu na kuona usingizi haujarudi, aangalie ni kipi kati ya vile vinne kilichoingia kwa mlango wa nyuma. Kwa kawaida ni ufunguo. Mtu alisafiri, akaacha ufunguo "kwa siku mbili", na haujarudi kwake. Urudishwe, mbele ya shahidi, na stoo ihesabiwe siku hiyohiyo.